Kisu chema kina mwenyewe

Wahenga walinena kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Walinena kweli, lakini hawakutuambia nani alikifua kisu hicho, kilifanya kazi gani siku ambazo nyama haikuwepo, wala kililala wapi usiku. Hayo matatu ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo, hasa na wewe uishiye mjini, ambaye kisu unachokijua ni kile cha kukatia vitunguu.

Tuanze na hicho cha vitunguu. Ukiingia katika duka lolote kubwa la Nairobi, Nakuru au hata Kisii mjini, utakuta visu vimening'inizwa ukutani, mipini yao ya plastiki ikiwa ya kila rangi. Ukinunua kimoja, mwezi wa kwanza kitakata nyanya vizuri, mwezi wa pili kitaiponda, wa tatu mpini utaanza kuchezacheza, na wa nne utarudi dukani. Sikilaumu kisu hicho. Kimetengenezewa kila mtu, na kitu cha kila mtu hakina mwenyewe.

Mimi nina kisu cha aina nyingine. Ni kisu cha kufuliwa kwa mkono, chenye umbo la vile vya wawindaji. Ubapa wake ni wa inchi nne na nusu, mgongo wake ni mnene, ncha yake imeinuka kidogo, mpini ni wa mti wa mpera, na ala yake ni ya ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa na fundi wa viatu. Huu ni mwaka wa tisa tangu nikipate. Hakijawahi kubadilishwa mpini wala kupelekwa kwa fundi, na makali yake leo ni bora kuliko siku niliyokabidhiwa.

KIPIMO NI KIGANJA

Kilifuliwa nje kidogo ya Keroka, mji ule ulioketi mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Mhunzi mwenyewe ni mzee aliyeinama mgongo kwa kazi, na kiwanda chake ni banda la mabati lililo wazi pande tatu. Nilimwamkia, nikamwita tata kama tunavyowaita wazee wa rika la baba zetu huko Gusii, nikamwambia nataka kisu cha kuwindia.

"Utawinda nini, mwanangu?" aliniuliza bila kuinua macho. "Kuku wa jirani?"

Vijana waliokuwa wakingoja majembe yao walicheka sana. Hata mimi nilicheka, kwa maana swali lilikuwa la haki. Nitalirudia baadaye.

Mzee hakuniuliza nataka kisu kirefu kiasi gani. Alichota donge la udongo wa mfinyanzi, akanipa, akaniambia nilikabe kama mtu anayetaka kukata kamba ngumu. Nilipofungua kiganja, vidole vyangu vilikuwa vimeacha mabonde manne. Akaliweka donge lile juani likauke. Hilo ndilo lililokuwa kipimo cha mpini wangu. Ndiyo sababu mke wangu akikishika kisu hiki hulalamika kuwa ni kinene mno, na rafiki yangu mwenye mikono kama sahani husema kinampotea. Kwangu mimi hukaa kama mkono wa mtu ninayemjua.

Chuma chenyewe kilikuwa kipande cha springi ya lori. Usidhani hiyo ni takataka. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha kukifanya kishike makali, nacho kimezoea kupindwa na kurudi mahali pake bila kuvunjika. Mafundi wa jua kali wamelijua jambo hilo miaka mingi, ndiyo maana hawaiachi springi mbovu ilale barabarani.

Kijana mmoja alivuta mvukuto, makaa yakawaka, na kile kipande kikaanza kubadilika rangi. Mzee alikipiga kwa nyundo juu ya fuawe, akakirudisha motoni, akakipiga tena, mpaka ubapa ukatokea na ule msuka unaoingia katika mpini ukajitenga. Kisha akaukwangua kwa tupa hadi ukapata umbo.

Hapo ndipo palipokuja sehemu iliyonifunza mengi. Mzee alikuwa na sumaku aliyoitoa katika spika ya redio mbovu. Alikipasha kisu moto hadi kikaanza kuwa chekundu, akakigusisha kwenye sumaku. Kikanata. Akakirudisha motoni. Alipokigusisha mara ya tatu hakikunata tena. Chuma kikifikia joto la nyuzi 770 hivi za selsiasi hupoteza nguvu ya kuvutwa na sumaku, na mhunzi asiye na kipimajoto hujua kuwa saa ya kukizamisha imekaribia. Alikiongeza moto kidogo, akakichovya katika mkebe wa oili chakavu ya injini. Moshi ukafumka, banda zima likanuka gereji.

Nilidhani kazi imekwisha. "Bado," mzee akasema. "Sasa ni kigumu kama kioo. Kikianguka kwenye jiwe utaokota vipande." Akausugua ubapa ung'ae, akaushikilia mbali kidogo na makaa, akautazama kama mama anayetazama maziwa yasifurike. Polepole ile rangi ya fedha ikageuka ikawa ya manjano hafifu, kama nyasi zilizokauka. Akauondoa. Ugumu kidogo ulikuwa umepunguzwa ili kisu kisivunjike, lakini si mwingi kiasi cha kukifanya kiwe laini. Msomaji, wengi wanaolea watoto wangefaidika wakikaa saa moja katika banda lile.

Nililipa shilingi 1,500, nusu siku ya kwanza na nusu siku ya kukichukua. Kwa bei hiyo ningenunua vile vya plastiki kadhaa, ambavyo leo vingekuwa vimeshatupwa vyote.

MWINDAJI BILA MAWINDO

Sasa turudi kwenye swali la mzee. Kwa hakika, mtu atawinda nini Gusii? Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kisii peke yake ina zaidi ya watu milioni 1.2, na Nyamira zaidi ya laki sita. Kila kilima kina nyumba, kila bonde lina chai au migomba. Hata kama wanyama wangekuwapo, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali kwa mtu anayeua mnyama wa porini au kuuza nyama yake. Kwa hivyo anayekuambia ana kisu cha kuwindia hapa kwetu, ana kisu chenye umbo la kuwindia. Mawindo yenyewe ni kazi nyingine.

Na kazi hizo ni nyingi. Mwezi wa Desemba familia zetu zinaporudi mashambani, kisu hiki ndicho kinachochinja mbuzi na kumchuna. Ile ncha iliyoinuka si ya urembo. Hupita kati ya ngozi na nyama bila kutoboa ngozi. Baada ya mbuzi hukata majani ya mgomba ya kuwekea nyama, hukata miwa ya watoto, huchonga vigingi vya kamba za hema, huvua gome la kijiti cha kuchomea mahindi. Tukipanda milima ya Manga, mahali ambapo ukisimama ukingoni unayaona mabonde yakishuka hadi kule nchi inakolitazama Ziwa Victoria, kisu ndicho kinachokata mkate, parachichi na kamba za viatu zilizofungika fundo.

Ukifika Tabaka, kule Mugirango Kusini kunakochimbwa mawe laini tuyaitayo mawe ya sabuni, utaona jambo la kukushangaza zaidi. Kiboko, sahani au mama aliyembeba mtoto hutoka katika jiwe kwa panga, tezo, kisu na msasa uliolowa maji. Keti kando ya mchongaji utazame vidole vyake. Kidole gumba kinasukuma, vile vinne vinazuia. Kisu hakikimbii hata siku moja, kwa sababu kuna mkono unaokisukuma na mwingine unaokirudisha.

Tena Gusii ina historia ya kisu ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Katika karne ya 20 madaktari walioandika kuhusu Kenya walistaajabia wapasuaji wa kienyeji wa Kigusii, kila mmoja akiitwa omobari, waliofungua ngozi ya kichwa cha mtu aliyeumia na kusumbuliwa na maumivu yasiyokwisha, wakaukwaruza mfupa wa fuvu kwa kisu na vifaa vingine vya chuma. Wagonjwa wengi walipona wakarudi mashambani mwao. Sikusimulii haya ili ujaribu kitu kama hicho, la hasha! Leo kuna hospitali na mashine za kuona ndani ya kichwa. Nakusimulia ujue kwamba kwa watu wetu kisu kilikuwa chombo cha mtu aliyefunzwa, na kwamba mkono uliokishika ulijulikana kwa jina.

JINSI YA KUKITUNZA

Kisu cha springi si kama cha chuma kisichoshika kutu. Ukikisahau kimelowa usiku mmoja, asubuhi kina madoa mekundu. Na Gusii inapata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, hivyo unyevu haukosekani. Kikimaliza kazi kioshe kwa maji na sabuni, kikaushe kwa kitambaa, kipake mafuta kidogo, hata ya kupikia yanatosha. Usikiache ndani ya ala kwa miezi, kwa maana ngozi hunywa unyevu na kukilisha chuma kutu. Ala ni ya safari. Nyumbani kifunge katika kitambaa kikavu chenye mafuta.

Utomvu wa ndizi utakitia weusi. Usihangaike kuusugua. Weusi huo haukidhuru chuma, na nitakueleza baadaye kwa nini mimi naupenda.

Kukinoa tumia kinoo cha dukani chenye pande mbili, upande wa chembe kubwa na upande laini. Lowesha kinoo, laza kisu, kisha inua mgongo wake kidogo tu, na ukisukume kana kwamba unataka kukwangua utando mwembamba juu ya jiwe. Hesabu mara kumi upande huu, mara kumi upande ule. Usiyapime makali kwa kidole gumba. Yapime kwa karatasi ya gazeti, hata hili ulilo nalo, ukishalisoma.

Kisu butu ndicho kinachoumiza watu. Kisu kikali hukata ulipokielekeza, lakini kilicho butu hukulazimisha utumie nguvu, na nguvu zikizidi hujui zitaishia wapi. Usikitumie kuchimbua, kufungulia chupa wala kubandulia misumari. Kata ukielekeza makali mbali na mwili. Ukiwa umeketi usikatie juu ya paja, kwani pajani hupita mshipa mkubwa wa damu. Usimpe mtu kisu mkononi. Kiweke chini, naye akiokote. Kabla hujaanza kukata nyosha mkono uzunguke pande zote, na kama unamgusa mtu, subiri au sogea.

Njiani, kisu kikae ndani ya ala, ala ndani ya mkoba, na mkoba ufungwe. Usikining'inize kiunoni kituo cha matatu au sokoni ukidhani unapendeza. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inamshughulikia mtu anayekutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha nia ya uhalifu, na silaha haziruhusiwi katika mikutano na maandamano ya umma. Polisi akikuuliza kisu ni cha nini, jibu lako liwe kazi inayoonekana.

MAPANGA MAPYA

Nimefika mahali pagumu. Kwetu ni upande wa Borabu, karibu na mpaka wa Sotik. Unaijua mipaka hiyo. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, watu wa pande zote mbili walichomewa nyumba, wakafukuzwa, wakauawa. Mama yangu alikimbia usiku na wajukuu wawili wa ndugu yangu, akalala siku kadhaa katika boma la watu asiowajua. (Kwa Kigusii mama huitwa baba, kwa hivyo usistaajabu ukimsikia Mgusii akimwamkia mamake hivyo.)

Tangu mwaka ule mama ana desturi moja. Kila jioni huhesabu vyuma vyote vya boma, mapanga, visu, mashoka na fyekeo, akavifungia katika sanduku la mbao na ufunguo ukalala chini ya mto wake. Nilipofika na kisu changu kipya nikikionea fahari, alikitazama mara moja akasema, "Hicho kilale garini." Kikalala garini. Desemba iliyofuata kikalala garini tena. Sikumjibu, kwa sababu sikuwa mimi niliyekimbia usiku ule.

Mwaka wa tatu binti yangu, wakati huo akiwa na miaka 12, aliniomba nimfundishe kukitumia. Mke wangu alikataa. Alisema ulimwengu umejaa visu tayari, hauhitaji mtoto mwingine aliyejifunza kuvishika, tena wa kike. Mimi nilisema mtoto asiyefundishwa kisu na mzazi atafundishwa na mwingine. Tulibishana njia nzima kutoka Narok hadi Kisii, na binti kiti cha nyuma akisikia kila neno. Tulipofika nikasema, haya, magokoro ataamua. Nilijua ningeshindwa.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akaniomba nikilete kisu kutoka garini. Akakigeuza mwangani, akaona ubapa umejaa weusi wa utomvu wa ndizi wa miaka miwili.

"Vijana wale niliowaona," akasema, "mapanga yao yalikuwa mapya. Yaling'aa. Hayakuwa na utomvu hata kidogo."

Hakusema zaidi. Alimwita mjukuu wake, wakaenda migombani, nami nikaambiwa nibaki. Waliporudi walikuwa na mkungu mmoja, na msichana akiwa na majani kichwani. Jioni ile mama alipohesabu vyuma alikihesabu na changu. Kikalala sandukuni pamoja na vyake, chini ya ufunguo ule ule.

Mke wangu hajashawishika kabisa mpaka leo, na ninaiheshimu hofu yake. Tumekubaliana sharti moja tu, kwamba hakuna kisu kinachotoka ndani ya ala kabla kazi yake haijatajwa kwa sauti. "Nakata kamba." "Namenya muwa." Ukimaliza uliyotaja, kisu kinarudi. Asiye na kazi ya kutaja, hana kisu cha kushika. Sharti hilo limetufaa hata sisi wazazi.

Wewe msomaji unayetaka kisu cha namna hii, nenda kwa mhunzi ungali na mtu wa kumwendea. Yule wa Keroka ana wana watatu, wote wanaendesha bodaboda, na yule kijana wa mvukuto aliondoka kutafuta kazi Nairobi. Usimpelekee mzee picha uliyoiona katika filamu, ya kisu kirefu chenye meno mgongoni. Mwambie kazi unayotaka kufanya, umwonyeshe kiganja chako, kisha umwache afue. Muulize chuma kilitoka katika kitu gani. Ukipewa kisu, kipige mpini kwa knako za vidole usikie kama kuna mlio wa kuchezacheza. Lipa bila kunung'unika.

Na usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, hebu ingia jikoni ukihesabu visu vyako. Kila kimoja kiulize kilifuliwa na nani, leo kimefanya kazi gani, na kinalala wapi. Kama hujui jibu hata moja, basi huenda mama yangu angekuambia kilale garini.